Faili la aliyedhurika na kemikali: namna ya kulianza siku ya kwanza na kulitunza miaka 20

Daftari moja la kurasa 96, kalamu mbili za biro, chupa tatu za jemu zenye mifuniko ya bati, simu yenye kamera, na mtu mmoja mtaani ambaye mwandiko wake unasomeka. Hivyo vinatosha kuanzisha faili. Kinachokosekana mara nyingi si vifaa, ni kuwahi. Faili huanzwa mgonjwa keshazidiwa, nguo zimeshafuliwa, waliokuwepo wameshavuka kwenda Unguja au Dar es Salaam, na kila mmoja ana tarehe yake kichwani.

Sumu za aina hii zina tabia ya kuchelewa. Wengi waliopigwa na gesi ya haradali katika vita vya Iran na Iraq (1980 hadi 1988) walipona malengelenge kwa wiki chache wakarudi makwao. Baadaye mirija midogo ya mapafu ikaanza kuziba polepole, na wengine wakaharibikiwa na kioo cha jicho baada ya miaka 15, 20 au zaidi. Mji wa Sardasht, Iran, ulipigwa tarehe 28 Juni 1987, Halabja, Iraq, tarehe 16 Machi 1988, na wapo wa miji hiyo wanaovuta pumzi kwa shida hadi leo. Mtu wa namna hiyo akifika ofisini kudai haki yake, haulizwi anaumwa nini. Anaulizwa ana karatasi gani ya siku ile. Raia waliotibiwa majumbani bila kuandikishwa popote ndio waliopata taabu.

Visiwani kwetu Zanzibar si haradali. Yanayotufika ni mabomu ya machozi, dawa za wadudu na magugu kwenye mabonde ya mpunga, na klorini ya kutibu maji. Utaratibu wa kuandika ni ule ule. Jambo moja la kisheria liwekwe sawa mapema: Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Kemikali, ulioanza kufanya kazi tarehe 29 Aprili 1997, unakataza bomu la machozi litumike vitani, lakini unaliacha kwa polisi wa kutuliza ghasia ndani ya nchi. Kwa hiyo ukisimama na hoja ya "silaha haramu" utaangushwa asubuhi mapema. Hoja yenye miguu ni namna lilivyotumika: lilirushwa ndani ya nyumba, skuli au msikiti, kwa karibu mno, kwa wingi mno, au kwa watu wasiokuwa na pa kutokea. Na hoja hiyo haisimami bila vipimo, yaani saa, umbali, idadi ya makopo ya mabomu na upepo.

Saa ya kwanza

Hewa na maji kwanza, ushahidi baadaye. Elekea upepo unakotoka na upande palipoinuka. Klorini ni nzito kuliko hewa, na unga wa bomu la machozi nao hushuka ukatuama. Vyote hukaa mabondeni, mitaroni na sakafuni. Anayewaficha watoto chini ya kitanda anawalaza ndani ya kile anachowakimbizia.

Macho yaoshwe kwa maji safi yanayomiminika dakika 15, kwa kata au jagi, kutoka pembe ya pua kuelekea sikioni ili maji machafu yasiingie jicho la pili. Yasisuguliwe. Maziwa, siki, mafuta, dawa ya meno chini ya macho, vyote viacheni. Mafuta hasa ni mabaya kwa sababu kemikali inayoitwa CS, iliyomo katika mabomu mengi ya machozi, si gesi. Ni unga laini sana, na mafuta huushika ukabaki kwenye ngozi. Ndiyo maana mtu aliyekwisha tulia huanza kulia upya akivua fulana. Fulana ikatwe kwa mkasi mbele, kuanzia chini kwenda juu, isipitishwe usoni. Hijabu ifunguliwe pini na kukunjuliwa kwa nyuma. Kisha mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, nywele mwisho huku kichwa kimeinamishwa mbele ili maji yasishukie machoni.

Ukishapata hewa safi, ukali wa bomu la machozi hupungua ndani ya nusu saa hivi. Dalili zikivuka saa moja, au mgonjwa ana pumu, ana mimba, au ni mtoto mchanga, apelekwe hospitali bila kungoja. Klorini ni ya hila zaidi: mtu huonekana mzima wakati wa Magharibi, na usiku mapafu yakajaa maji. Aliyevuta nyingi apumzike, asitembezwe wala asibebeshwe kitu, na asiachwe peke yake kwa saa 24.

Kwa dawa za wadudu za kundi la oganofosfati, tazama mboni za macho. Zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, na mate, machozi na jasho vinatoka kwa pamoja, huyo anahitaji atropini, dawa ya hospitali ya kupambana na sumu hiyo, sasa hivi. Chukua chupa ya dawa iende naye, na kama chupa inavuja bandua lebo tu. Anayemvua nguo avae glavu nene za mpira, kwani dawa hii hupita kwenye ngozi ya msaidizi pia.

Nguo na makopo

Nguo zilizovuliwa zisifuliwe, na hapa ndipo ushahidi mwingi unapotelea. Mama wa nyumba, kwa nia safi kabisa, huzitia kwenye beseni usiku ule ule. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka sehemu iliyolowa au yenye unga, na kipande kingine cha ukubwa huo huo kutoka sehemu ya nguo hiyo hiyo ambayo haikuguswa. Kila kimoja kwenye chupa yake ya kioo, mfuniko ukazwe. Kipande safi ndicho kinachomwezesha mpimaji kusema kuwa kilichoonekana si sabuni wala rangi ya kitambaa. Mfuko wa plastiki haufai: hupitisha mvuke, na wenyewe hutoa kemikali zake.

Kopo ambalo halikuripuka lisiguswe kabisa. Lililokwisha tumika lipigwe picha kabla ya kuokotwa: ya kwanza kwa mbali, mlango au mnazi unaojulikana uonekane, ya pili kwa karibu, kalamu imelazwa pembeni ili ukubwa ujulikane. Halafu ligeuzwe kwa kijiti, pande zote zipigwe. Kinachotafutwa ni maandishi: jina la kiwanda, aina, namba ya toleo, mwaka wa kutengenezwa na wa kwisha muda. Namba ya toleo ina thamani kuliko picha kumi za watu wanaolia, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuliunganisha kopo na ghala lililolitoa.

Picha hizo zikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na kumbukumbu ya saa na mahali iliyofichwa ndani yake hufutwa. Zitumwe kwa baruapepe, au WhatsApp kwa njia ya waraka, kwenda kwa watu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Picha ya asili ibaki kwenye simu. Usiipunguze wala kuiandika juu yake, hata mshale mwekundu wa kuonyesha.

Lebo ya chupa iwe plasta ya kitambaa iliyoandikwa kwa biro: ni nini, kimetoka wapi, tarehe, saa, aliyekiokota, aliyeshuhudia. Tenga ukurasa wa daftari kwa makabidhiano. Chupa ikihama mkono, uandikwe mstari mmoja: nani kampa nani, lini, kwa sababu gani, sahihi mbili. Mstari ukikosekana hata mmoja, wakili wa upande wa pili atauliza chupa ililala wapi usiku ule, na hutakuwa na jibu. Chupa zikae mahali pa giza na pa baridi kidogo, mbali na watoto, na kamwe si ndani ya friji la chakula.

Zanzibar ina maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli iende ikiwa na barua ya hospitali, polisi au wakili, na iende nusu. Nusu ya pili ibaki.

Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Serikali ilikubali chanzo chake mwaka 1968. Baadaye watafiti walipima vitovu vikavu ambavyo akina mama, kwa mila yao, waliviweka visandukuni tangu watoto walipozaliwa, na zebaki ikaonekana ndani yake. Sisi vitovu tunavizika. Basi tubaki na chupa za jemu.

Hospitali

Jeraha linalodaiwa kufanywa na mtu mwingine, askari akiwemo, litaulizwa fomu ya PF3 ya polisi. Wengi hukwama hapo hapo, kwani inakuwa kama kumwomba kuku ruhusa ya kuhesabu mtama. Dharura hutibiwa kwanza, fomu hufuata. Iwe Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee Mkoani, Chake Chake au Wete, anza kwa kutibiwa, kisha nenda kituoni na sheha, wakili au mzee mmoja anayeheshimika. Ukinyimwa fomu, kunyimwa kwenyewe kuandikwe: saa, kituo, namba ya askari iliyo kwenye sare.

Kosa kubwa la karatasi za hospitali ni ufupi. Mgonjwa anaeleza kwa dakika kumi, cheti kinatoka na neno moja, "kikohozi". Baada ya miaka 10 neno hilo halina maana yoyote. Muombe daktari, kwa adabu na bila kumwelekeza kazi yake, aandike sentensi moja ya historia: "Mgonjwa anaeleza kuvuta moshi wa bomu la machozi saa fulani, umbali fulani, ndani ya chumba, kwa muda wa dakika kadhaa." Daktari hathibitishi kuwa ni kweli; anaandika ulichosema, na tarehe inakaa juu yake. Kisha vipimo kwa namba: pumzi kwa dakika, oksijeni inayosomwa kidoleni, nguvu ya kupuliza kama kifaa kipo, na macho kukaguliwa kwa rangi ya fluoresini inayoonyesha michubuko. Majeraha ya ngozi yachorwe kwenye umbo la mwili na kupimwa kwa sentimita. "Makubwa" si kipimo.

Kwa oganofosfati, damu hupimwa kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu kiwango cha kawaida cha mtu na mtu hutofautiana sana; wa chini wa kuzaliwa ataonekana kalishwa sumu, na wa juu aliyeshushwa nusu ataambiwa yuko sawa. Kichukuliwe cha siku ile, kisha kingine baada ya miezi 3 au 4 bila kugusa dawa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ushahidi. Kile cha ndani ya chembe nyekundu hupanda taratibu, kama asilimia 1 kwa siku, kwa hiyo hata aliyechelewa wiki mbili bado ana cha kuonyesha. Mkojo hauna subira hiyo: uwe wa siku mbili tatu za mwanzo, ugandishwe.

Maelezo ya waliokuwepo

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Watu hukusanywa barazani, mmoja anasimulia, waliobaki wanaitikia. Baraza ni pahali pazuri pa kahawa na pabaya pa ushahidi. Baada ya jioni tatu, hadithi saba zimekuwa moja, na hakimu akisikia mashahidi saba wanatumia maneno yale yale atajua. Kila mtu aandikwe peke yake, ndani ya siku 3 ikiwezekana, kabla hajasikia vya mwenzake. Mwanamke aandikwe na mwanamke, kwa kuwa mengine, kama kutoka damu au mimba kuharibika, hatayasema mbele ya kijana wa jirani.

Usimtie mtu maneno mdomoni. "Ulisikia harufu ya kitunguu thomu?" ni swali lililokwisha jibiwa. Uliza: "Kulikuwa na harufu? Inafanana na kitu gani unachokijua?" Sababu ni kwamba harufu hubeba habari. Gesi ya haradali hufananishwa na kitunguu thomu au haradali yenyewe, klorini na jiki, fosijeni, gesi nyingine ya vitani, na nyasi zilizokatwa karibuni, na sarini, sumu ya mishipa ya fahamu, haina harufu. Mtu aliyesema "jiki" mwenyewe, bila kuulizwa jiki, amekupa kitu. Aliyeitikia tu hakukupa chochote.

Tahadhari na neno "dawa". Kwetu dawa ni panadoli, ni sumu ya panya, ni kinachopulizwa kuzuia mbu, ni cha bomba la mgongoni shambani. Andika neno alilotumia, halafu uulize rangi, ilitoka kwenye nini, na ilitua wapi.

Huu hapa mfano wa kutunga. Maelezo mabaya:

"Tulikuwa tumekaa, ghafla wakaja wakapiga mabomu mengi, watoto wakaumia sana, tuliteseka."

Tukio hilo hilo likiandikwa vizuri:

"Nilikuwa naanika karafuu kwenye jamvi uwani. Adhana ya Alasiri ilikuwa imekwisha, watu hawajatoka msikitini. Nilisikia mlio mmoja, kisha miwili pamoja. Kopo la kwanza liliangukia ukingo wa jamvi, hatua 6 kutoka nilipokaa, tumezipima leo. Moshi mweupe. Ulielekea mlangoni kwa sababu upepo ulitoka upande wa bahari. Mjukuu wangu wa miaka 4 alikuwa ndani amelala. Nilimtoa baada ya muda wa kuchemsha birika moja la chai. Alikuwa anakohoa na midomo imebadilika rangi. Karafuu za jamvi lile, pishi 5, tulizimwaga."

Hakuna neno "sana" hata moja. Umbali umepimwa, muda umelinganishwa na kitu kinachoweza kurudiwa: washa jiko, chemsha birika, tazama saa. Hasara ya pishi 5 za karafuu nayo ina nafasi yake, kwa kuwa chakula na mazao yaliyoangukiwa na unga ni dai linalojitegemea.

Saa zimeshaharibu kesi nyingi kuliko uongo. Mzee akisema saa nane ana maana ya saa 14:00. Kijana mwenye simu akiandika saa 8 anaweza kumaanisha asubuhi. Andika zote mbili, "saa nane mchana (14:00)", kila mahali, hata pale unapoona haina haja. Wanaokumbuka kwa sala waandikwe kwa sala, na pembeni utie saa ya adhana ya siku hiyo kutoka kalenda ya msikiti.

Upepo pia una mtego wa lugha. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Disemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Lakini asiyejua bahari akisoma "upepo wa kusi" anaweza kudhani unaelekea kusini. Andika "unatoka wapi, unakwenda wapi", na chora: nyumba, mti, kopo, mshale mmoja. Muulize mvuvi yeyote aliyekuwa pwani siku ile, upepo atakuwa anaukumbuka. Mchoro mbaya wenye vipimo hushinda picha nzuri ya satelaiti isiyo na kitu juu yake.

Mwisho wa maelezo, msomee mtu yote aliyoyasema, arekebishe, atie sahihi au dole. Kisha muulize mambo mawili tofauti: jina lako litumike? Na haya yasomwe mahakamani? Anaweza kukubali la pili na kukataa la kwanza. Ndani ya faili tumia namba, S1, S2, S3, na orodha ya majina iwekwe nyumba nyingine.

Orodha ya waliokuwepo, si ya walioumwa tu

Wengi huandika wagonjwa na kuishia hapo. Tazameni Marekani ilivyofanya kuhusu dawa ya kuua majani iliyomwagwa Vietnam kati ya 1961 na 1971, ile iliyokuwa na sumu iitwayo daioksini. Askari mmoja mmoja asingeweza kuthibitisha kuwa tone fulani lilimwangukia. Sheria ya mwaka 1991 ikageuza mzigo: aliyekuwa askari nchini Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975, na akapata maradhi yaliyomo kwenye orodha, huhesabiwa kuwa aliguswa. Anachohitaji kuonyesha ni kuwa alikuwepo. Wavietnamu wenyewe walipokwenda mahakama ya New York, kesi yao ilifutwa mwaka 2005. Ni sumu ile ile. Waliopewa njia nyepesi ni wale ambao serikali yao ilikubali kuwatungia sheria.

Kwa hiyo dai la kijiji lisiwe la mgonjwa mmoja mmoja tu. Liwe: kila aliyekuwa ndani ya eneo hili tarehe hii ahesabiwe kaguswa, apimwe kwa gharama ya serikali. Ili dai hilo liwezekane siku yoyote, inahitajika orodha ya wote waliolala katika nyumba zile, wazima na wagonjwa, pamoja na namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na barua ya sheha yenye muhuri kuthibitisha ukaazi kwa tarehe hiyo. Barua ya sheha iombwe mapema. Masheha hubadilika, na mpya hawezi kuthibitisha asichokishuhudia.

Orodha ndiyo pia inayoamua hesabu. Mauaji ya waandamanaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya risasi na yalitokea zaidi Pemba, yana idadi zaidi ya moja hadi leo. Tume iliyoundwa na serikali chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa 31. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilihesabu wasiopungua 35. Watu wapatao 2,000 walikuwa wamekimbilia Shimoni, Kenya. Orodha ya nyumba kwa nyumba ikiandikwa wiki ile ile, hakuna anayebaki kubishana kuhusu watu wanne.

Barua ya kuuliza "kilikuwa nini?"

Iandikwe ndani ya wiki ya kwanza, ukurasa mmoja, maswali 5: kemikali gani, jina la bidhaa na namba ya toleo, kiasi gani kilitumika, nani aliamuru, ilitolewa tahadhari gani kwa hospitali. Usilaumu wala usihukumu ndani ya barua hii. Swali la hospitali lina sababu. Usiku wa tarehe 2 Disemba 1943, katika bandari ya Bari, Italia, ndege za Kijerumani ziliipiga meli ya Marekani SS John Harvey iliyokuwa imebeba mabomu ya haradali kwa siri. Madaktari hawakuambiwa. Majeruhi waliachwa ndani ya nguo zilizolowa, wakafunikwa mablanketi juu yake, na ngozi ikaendelea kuungua. Wapo waliouawa na ile siri kuliko na bomu.

Barua iwe na nakala yako. Peleka mwenyewe, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, barua hiyo haikuandikwa. Unaweza kutaja Ibara ya 18 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 kuhusu haki ya kupata habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 msiitegemee, ni ya Tanzania Bara.

Halafu linakuja kosa linalokula miezi: kuandikia serikali siyo. Tuna mbili. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo lalamiko la bomu la machozi lililorushwa na polisi ni la Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Dawa iliyogawiwa na wizara ya kilimo ya Zanzibar ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), na anayeshitakiwa kwa niaba yake ni Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Sheria ya Muungano ya mashauri dhidi ya serikali inadai notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na madai ya madhara kwa sheria ya ukomo ya Bara hufa baada ya miaka 3. Sheria za Zanzibar zina hesabu zake, hivyo wakili aonwe ndani ya mwezi wa kwanza. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Pemba. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko kutoka pande zote mbili za Muungano. Haiamuru fidia kama mahakama, lakini huchunguza, na uchunguzi wake ni karatasi nyingine ndani ya faili.

Nje ya nchi milango ni michache. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ingawa iko Arusha, haipokei tena kesi mpya za watu binafsi dhidi ya Tanzania, kwa sababu serikali iliondoa tamko lake Novemba 2019. Mahakama ya Afrika Mashariki haikulazimishi kumaliza mahakama za nyumbani kwanza, ila inakupa miezi 2 tu. Kamisheni ya Afrika, Banjul, inataka umalize za nyumbani. Na shirika la kimataifa la kupinga silaha za kemikali lililoko The Hague halilipi fidia kwa mtu; mkataba wake wenyewe hauna kifungu cha fidia kwa waathirika.

Kutunza

Hewa yetu ya chumvi ina njaa. Pini za stepla hupata kutu na kutoboa karatasi ndani ya misimu miwili. Shonea kwa uzi mweupe. Kalamu za jeli hutawanyika unyevu ukiingia, biro hubaki. Karatasi laini zinazotoka kwenye mashine ya kupima moyo au mapafu ni za joto, na maandishi yake hufifia yakabaki kivuli. Zitolewe fotokopi wiki ile ile, ya asili iwekwe nyuma ya kopi. Faili liingie kwenye bati la biskuti lenye mfuniko, likae juu ya kabati, si sakafuni kwenye mchwa wala ukutani panapovuja masika. Nakala ya pili iwe kisiwa kingine. Mwenye faili Pemba amtafute jamaa Unguja, na kinyume chake.

Kila mwaka, mwezi ule ule, ongeza ukurasa mmoja: uzito, kipimo cha mapafu kwa spirometa kama hospitali inacho, macho, ngozi, usingizi, dawa anazotumia, siku alizoshindwa kufanya kazi, na pesa zilizotumika pamoja na risiti. Mvuta sigara aandikwe kuwa anavuta, na tangu lini. Likifichwa litafichuliwa na upande wa pili, nalo litaangusha mengine yote.

Katika Porton Down, kituo cha jeshi la Uingereza cha kujaribia silaha za kemikali, kijana wa miaka 20, Ronald Maddison, alidondoshewa sarini mkononi katika jaribio la kijeshi la tarehe 6 Mei 1953, akafa siku hiyo hiyo. Uchunguzi wa kwanza ulifanywa kwa siri ukasema ni ajali. Wa pili, mwaka 2004, ukasema aliuawa kinyume cha sheria, na mwaka 2008 serikali ikakubali kuwalipa wanajeshi wa zamani 360 jumla ya pauni milioni 3. Ni miaka 51 kutoka uchunguzi wa kwanza hadi wa pili. Kwa hiyo juu ya jalada la faili, chini ya jina la mgonjwa, yaandikwe majina ya watu wawili, mmoja wao awe chini ya miaka 25, wanaojua bati liko wapi na wameshalisoma lote angalau mara moja.